Kilomita 7,000 na Viti Vitano

Usiku wa Juni 22, 2025, baridi ya Mbeya ilikuwa kali kiasi kwamba tulifunga mlango wa steshenari yangu pale Mwanjelwa na kuziba upenyo wa chini kwa gunia. Ndani tulikuwa watu tisa, na kompyuta iliyokuwa inawaka ilikuwa moja tu, ile ninayotengenezea mabango na kadi za harusi, kwa sababu ndiyo yenye kioo kikubwa. Waliowahi walikaa kwenye viti, waliochelewa wakakalia katoni za karatasi za A4. Tulikuwa tunatazama fainali ya Major, mashindano makubwa kuliko yote ya Counter-Strike, gemu la bunduki ambalo watu watano hutega bomu na watano wengine huzuia au kulitegua, kutoka Austin, Texas, ambako wakati huo ilikuwa mchana, na jukwaani katika ukumbi wa Moody Center walikuwa wamekaa vijana kumi: watano wa Vitality ya Ufaransa na watano wa The MongolZ ya Mongolia.

Karibu wote mle dukani walikuwa upande wa Wamongolia. Walipochukua ramani moja, yaani mchezo mmoja kati ya mitatu, fundi simu wetu aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya madaftari. Mwishowe Vitality walishinda ramani mbili kwa moja, mchezaji wao ZywOo akatangazwa mchezaji bora wa mashindano, na sisi tukabaki tunatazama vijana wa Mongolia wakivua hedifoni zao mmoja baada ya mwingine.

Mpwa wangu, ambaye alikuwa hajasema neno kwa muda mrefu, ndipo akaniuliza:

"Mjomba, kati ya hawa na sisi, nani yuko mbali zaidi?"

"Sisi," nilimjibu, tena bila kusita.

Jibu hilo limenisumbua kwa zaidi ya majuma kumi.

Jibu nililolizoea

Halikuwa jibu la usiku ule. Nimelitoa kwa miaka. Kila kijana aliyeniuliza kwa nini hatuonekani kwenye mashindano haya, nilimvutia kiti, nikafungua kompyuta na kumpimia pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda hadi kwenye seva, kompyuta inayoendesha mchezo, na kurudi, mbele ya macho yake. Johannesburg, ambako ndiko kuliko na seva za Counter-Strike zilizo karibu nasi zaidi, majibu hunirudia baada ya milisekunde 80 na kitu mtandao unapokuwa umetulia. Dubai hupita 130. Frankfurt, Ujerumani, kwenye seva za Ulaya, hukaribia 180, na jioni watu wengi wanapoingia mtandaoni huwa sipimi kabisa.

Nilikuwa nikiwaeleza pia kwamba hakuna fundi atakayeziondoa namba hizo zote. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Mbeya hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake kunameza milisekunde 70 hata kama waya ungekatiza moja kwa moja. Nao waya haukatizi. Unateremka kwanza hadi Dar es Salaam, unaingia baharini, unafuata pwani na kuzunguka mabara kabla ya kufika unakotaka. Katika gemu ambalo risasi moja ya AWP, bunduki ya mdunguaji, humaliza kila kitu, mtu anayechungulia kona akiwa karibu na seva anakuona wewe kabla wewe hujamwona, na unakufa ukiwa unaamini kwamba ulishajificha.

Halafu nilikuwa na ushahidi wa Mei 12, 2024, siku ambayo nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Wenye biashara kama yangu wanaikumbuka wiki ile. Wanafunzi walijaa mlangoni wakitaka kutuma maombi yao, na mimi sikuwa na la kuwapa zaidi ya kopi na picha za pasipoti. Niliwaambia vijana wa gemu: mnaona? Nchi nzima inaning'inia kwenye nyaya mbili tatu, mnataka kushindana na nani?

Yote hayo ni kweli, na leo bado ni kweli. Ndiyo sababu ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nilikuwa ninayatumia vibaya.

Nilipopima

Siku mbili baada ya fainali, wateja walipopungua, nilifungua ramani na kupima kitu ambacho sikuwahi kukipima. Kutoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 6,600.

Nilipima tena, nikidhani nimeweka alama mahali pasipo.

Tofauti kati yao na sisi ni kama kilomita 400, yaani safari ya kutoka hapa hadi Iringa na kusogea mbele kidogo. Mwanga huimaliza kwa milisekunde 2. Tena wenzetu hao hawana bahari. Kila waya unaowaunganisha na dunia lazima upite kwanza katika nchi ya mtu mwingine, na majirani zao ni wawili tu, Urusi na China.

Nikageukia idadi ya watu, kwa kuwa hiyo nayo nilikuwa nikiitumia kama sababu. Mongolia ina watu wapatao milioni 3.5. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,343,754 na Mkoa wa Iringa 1,192,728. Jumlisha. Mikoa miwili ya nyanda hizi, bila kuhesabu Njombe wala Songwe wala Rukwa, inalingana na nchi nzima iliyopeleka vijana wake watano kwenye fainali ya dunia.

Sidai kwamba hali zetu zinafanana. Vijana wa Ulaanbaatar wamekulia kwenye kumbi za kompyuta, wakati hapa vijana wengi wanacheza kwenye simu kwa bando la usiku, na kompyuta zangu tano za pembeni ni zile zilizotoka maofisini zikiwa zimechoka. Haziliwezi toleo jipya, Counter-Strike 2. Zinaliweza toleo la zamani la 1.6, la mwaka 2003, na hilo ndilo vijana wangu wanalocheza wakiwa wameunganishwa kwa waya ndani ya chumba kimoja.

Lakini hapo hapo ndipo jibu langu lilipoanza kupoteza nguvu. Ndani ya chumba kimoja, pingi ni milisekunde 5. Kama umbali ndio uliokuwa ugonjwa wetu, basi mle dukani tungekuwa wazima.

Raundi ya Alhamisi

Mwanzoni mwa Julai walikuja vijana watano kutoka chuoni, wakileta kompyuta zao za mapajani, kucheza na vijana wa dukani. Ramani ilikuwa Dust2. Vijana wetu wana majina yao ya maeneo ya ramani hiyo: njia ya katikati wanaiita Kabwe kwa sababu kila mtu anapita hapo, na mteremko wa kupandia kule bomu linakotegwa wanauita Mlima Nyoka. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiwa na kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza sikuwa natazama vioo. Nilikuwa nawatazama wao.

Raundi ya 27, matokeo yakiwa sawa 13 kwa 13. Bomu limeshategwa. Wapinzani amebaki mmoja. Wetu wamebaki wawili: mpwa wangu, mwenye kifaa cha kutegulia, na kijana wa Uyole. Fundi simu alikuwa amekufa sekunde chache kabla, na muuaji wake alikuwa amejibana nyuma ya boksi juu ya Mlima Nyoka. Fundi alimwona vizuri kabisa. Akavua hedifoni, akashika simu yake kumjibu mteja.

Mpwa wangu alisogea kwenye bomu akaanza kulitegua. Mwenye kifaa anahitaji sekunde 5, asiye nacho 10. Sekunde ya tatu ilipopita, risasi ilitoka nyuma ya boksi lile lile.

Mpwa wangu aligeuka. "Alikuwa wapi huyu?"

"Nyuma ya boksi," alisema fundi. "Mimi nilimwona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani mnajua."

Alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake. Angeweza kumgusa bega.

Hawakugombana. Raundi mbili zilizofuata wakacheza bila pesa, kwa sababu wawili walinunua AWP wakati wenzao hawana hata fulana ya kuzuia risasi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kabla ya kununua. Walikuwa watu watano wenye vidole vyepesi, pengine vyepesi kuliko vya wale wa chuo, na walifungwa 16 kwa 13.

Nilidhani mnajua. Nililala na maneno hayo.

Daftari

Mimi huandika kila saa ya kompyuta kwenye daftari la mahesabu: kiti, jina, muda wa kuingia, muda wa kutoka, shilingi 1,000. Jumapili iliyofuata nilikaa na daftari hilo nikitafuta kitu kimoja. Nilitaka kujua ni mara ngapi, tangu Januari, wale watano niliowaita timu ya dukani walikaa kwenye viti vitano kwa wakati mmoja.

Mara nne.

Katika miezi sita. Siku nyingine zote walikuwa wamechanganyika na yeyote aliyewahi kulipa. Fundi simu alikuwa akija mchana kazi zinapopoa, mpwa wangu usiku, kijana wa Uyole Jumamosi baada ya kushusha viazi sokoni, dereva bodaboda pale anapopata mtu wa kumwachia pikipiki, na mwanafunzi wakati wa likizo. Kila mmoja alikuwa amecheza saa nyingi sana. Pamoja walikuwa karibu hawajacheza kabisa.

Wa kuvigawa viti nilikuwa mimi. Kijana wa Uyole aliwahi kuniomba, zaidi ya mara moja, niwawekee viti vitano jioni moja kwa wiki, na nikamjibu kwamba kiti ni cha anayelipa. Ilikuwa haki ya kibiashara, na kodi ya fremu hainisubiri. Ila siwezi tena kumwonyesha mtu namba za Frankfurt nikamwambia kwamba hizo ndizo zilizotuzuia, huku daftari la mwandiko wangu mwenyewe likisema nilikuwa natenganisha watu watano kila siku kwa shilingi elfu.

Nilirudi kusoma historia ya wale Wamongolia kwa jicho jingine. Nahodha wao, bLitz, na mwenzake Techno4K walikuwa pamoja tangu wakiwa timu ya IHC, na mwaka 2022 walishafika Major ya Rio de Janeiro wakiwa huko, hawakuvuma sana. Miaka mitatu baadaye ndipo Austin. Vitality nao, waliowafunga, walikuwa watu wa nchi nne: Wafaransa wawili, Mwestonia, Mwingereza na Mwisraeli, waliokuwa wakiitana kwa Kiingereza katikati ya risasi. Mtu hafikii hatua ya kuelewa pumzi ya Mwestonia kwa lugha isiyo ya wote wawili kama hakai naye.

Nilitenga Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Viti vitano, watu watano wale wale, kwa shilingi 5,000 ya jumla badala ya 15,000. Sharti nililowapa lilikuwa moja: anayekufa anasema alichokiona kabla hajavua hedifoni.

Mama kutoka Uyole

Wiki ya tatu alikuja mama wa kijana wa Uyole. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Alikuwa ametoka sokoni, na kanga yake ilikuwa na udongo mwekundu wa viazi.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja unieleze. Hiki anachofanya mtoto wangu hapa usiku, ni kazi au ni kamari?"

Nilimwambia si kamari, hakuna anayeweka pesa. Akasubiri. Hakuwa ameridhika, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimejibu nusu ya swali.

Ningeweza kumtajia fedha. Zawadi za Major ya Austin zilikuwa dola milioni 1.25, na mabingwa walichukua 500,000. Najua vijana hutaja namba hizo nyumbani, na najua zinavyosikika kwa mtu anayeuza viazi kwa debe. Lakini nilifanya hesabu nyingine kichwani nikiwa nimesimama pale: timu 32, watu watano kila moja, jumla watu 160 kutoka dunia nzima, na wengi wao hurudi nyumbani mapema kwa sababu ukipoteza mechi tatu katika hatua moja kabla ya robo fainali safari imeisha. Kumwambia mama yule kwamba kuna kazi mbele ingekuwa kumdanganya usoni.

"Bado si kazi, mama," nilisema. "Na sijui kama itakuwa."

"Sasa anapata nini?"

Nilimwomba aingie aone. Ilikuwa Alhamisi. Alisimama nyuma ya mwanawe, yeye hajui, masikio yamezibwa na hedifoni. Mtoto huyo nyumbani, mama aliniambia baadaye, anaweza kumaliza siku kwa maneno kumi. Pale kwenye kiti alikuwa akiongea mfululizo, kwa sauti ya chini isiyopanda: wawili Kabwe, usiende, mngoje, tupa moshi, sasa, twende sasa. Wenzake wanne walikuwa wakimfuata kama watu wanaobeba kitu kizito kimoja.

Mama alitazama raundi nne au tano. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Saa nne awe barabarani," alisema. "Asubuhi kuna magunia. Ndaga, mwanangu."

Alinishukuru kwa Kinyakyusa, ila sikuelewa kama alikuwa amekubali au ameahirisha uamuzi. Bado sielewi. Kuna usiku ninapowaza kwamba nimempa kijana wa watu kitu ambacho hakitamlisha, na nimekipamba kwa nidhamu ili mimi mwenyewe nisikione vibaya. Wazo hilo halijaondoka kwa sababu ya matokeo yoyote niliyoyaona, na sitarajii liondoke hivi karibuni.

Agosti

Mwezi Agosti The MongolZ walichukua ubingwa wa Counter-Strike kwenye Kombe la Dunia la Esports, Riyadh. Safari hii hatukukusanyika, kila mmoja alitazama kwa simu yake, na usiku huo simu yangu ilijaa ujumbe wa sauti wa watu wanaopiga kelele.

Kilichonishika mimi kilikuwa kitu kidogo. Kamera ilipopita nyuma ya meza za wachezaji niliona nyaya. Mashindano makubwa yote huchezwa hivyo: timu zinapanda ndege, zinakaa katika ukumbi mmoja, na kompyuta zinaunganishwa na seva iliyomo humo humo ukumbini. Watu wenye intaneti bora mno kuliko yetu, wenye fedha za kununua chochote, wakitaka kujua kwa haki nani ni bora, bado wanaufuta umbali kwa kusafiri. Afrika Kusini waliliona hilo zamani. Mwaka 2018 timu ya Bravado ilianzisha mradi wa kuwahamishia wachezaji wake Marekani ili wapate wapinzani wa kuwakuza, na mmoja wao, JT, alikuja kuwa nahodha wa timu ya huko, Complexity, na kuiongoza kwenye Major. Seva walikuwa nazo nyumbani kwao, Johannesburg. Walichokifuata ni watu wa kucheza nao.

Hili tunalijua vizuri kwenye mpira. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, hakuna aliyesema Dar es Salaam ni mbali. Watu walipanda mabasi.

Makambako

Mwanafunzi wetu alikuwa na rafiki Iringa, na rafiki huyo alikuwa na watano wake wanaochezea kwenye duka la mtu kama mimi. Tulianza kwa njia ya mtandao, tukakodi nafasi kwenye seva ya Johannesburg. Kwa hiyo vijana wa Mbeya na vijana wa Iringa, ambao wako kwenye barabara moja ya TANZAM, umbali wa kilomita mia tatu na ushei, walilazimika kukutana Afrika Kusini. Raundi ya tisa watu watatu wa Iringa waliganda hewani kama sanamu, kisha umeme ukakatika kwao, na mchezo ukaishia hapo.

Zamani hapo ndipo ningefungua kompyuta nikapima pingi na kuwaonyesha.

"Makambako iko katikati," alisema dereva bodaboda.

Jumamosi ya pili ya Septemba tulizifunga kompyuta tano kwa mablanketi, vioo tukavibana kati ya magodoro mawili ya kitanda cha mtoto, tukapanda kosta ya alfajiri. Kondakta alitutoza viti vinne vya ziada na nikalipa bila kubishana. Tulikodi chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chakula karibu na stendi, meza nne ndefu, upepo wa Makambako ukipita chini ya bati. Wenzetu wa Iringa walifika saa nne asubuhi na mizigo yao ikiwa kwenye mifuko ya salfeti.

Kompyuta zilikuwa kumi na swichi yangu, kile kiboksi cha kuunganishia nyaya za mtandao, ina matundu nane. Sikuwa nimeliwaza hilo, mimi niliyewaza kuhusu nyaya za baharini kwa miaka yote hiyo. Tulitafuta Makambako nzima, tukapata swichi nyingine ya matundu nane kwa fundi wa redio, tukaziunganisha mbili, na saa sita na nusu mpwa wangu alisoma namba kwenye kioo: milisekunde 4, kwa watu wote kumi.

Walicheza ramani tatu. Iringa wakashinda mbili.

Nitaeleza raundi moja tu, kwenye ramani ya kwanza, ambayo ndiyo tuliyoshinda. Bomu limetegwa, mpwa wangu amebaki peke yake na kijana wa Uyole dhidi ya mtu mmoja, karibu sawasawa na ile ya Julai. Fundi simu alikuwa ndiyo kwanza amepigwa. Kabla mwili wake haujafika chini alikuwa ameshapaza sauti hadi mhudumu akatokeza kichwa mlangoni:

"Mlima Nyoka, nyuma ya boksi, damu ishirini!"

Kijana wa Uyole hakuinua sauti. "Tegua. Namfuata mimi." Mpwa wangu akapiga magoti kwenye bomu akampa mgongo adui, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili hukifanya isipokuwa anajua kwa hakika nani yuko nyuma yake. Sekunde moja. Mbili. Ikasikika risasi moja nyuma ya boksi, na haikuwa ya adui.

Baadaye, tukila wali na maharage, nahodha wa Iringa aliuliza Mlima Nyoka ndio wapi. Walipoonyeshwa walicheka, kwa sababu wao mahali pale wanapaita Gangilonga, kama lile jiwe la mjini kwao, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Waliendelea kubadilishana majina hayo kwa muda mrefu, wakichora ramani juu ya meza kwa maji ya glasi, watu kumi ambao asubuhi walikuwa hawajuani.

Kosta ya kurudi ilikuwa na nafasi chache, tukakaa wengine na kompyuta mapajani. Tulipokaribia Igawa mpwa wangu aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"Mjomba, wameniuliza kama mwezi ujao wanaweza kuja Mbeya."

"Waambie waje," nilisema. "Na waje na swichi."